Nyongeza ya Bi Mize

Hapo zamani, wakati mizani haijafika bado sokoni na watu wakihesabu kwa vidole na kuapa kwa vichwa vya mama zao, palikuwa na mtu katika mji wa Kitopeni, jina lake Faki Makoroma. Kazi yake ilikuwa ukwezi wa minazi, ila alikuwa na kasoro moja ambayo haimfai mkwezi: aliogopa kupanda. Minazi mifupi aliikwea, mirefu aliisalimia kutoka chini akaenda zake. Ikawa hana mbele wala nyuma, na nyumba yake ingelala njaa kila siku kama si mkewe, Bi Mize binti Shaali, aliyeuza nazi sokoni na kuaminiwa na mji mzima.

Uuzaji wa nazi wa Kitopeni ulikuwa na ada yake. Ukinunua nazi mia, muuzaji alikuongezea nne, na hizo nne ziliitwa nyongeza. Wazee wa soko walikuwa wamevunja nazi maisha yao yote, wakaona kwamba katika kila mia, tatu au nne hutoka mbovu, na hapana ajuaye ni zipi mpaka zivunjwe. Utaitikisa nazi sikioni, utaigonga kwa kucha, na bado itakudanganya. Basi aliyepata mbovu nne hakugomba, aliyepata mbili alishukuru, na aliyepata sita alinung'unika mpaka kona ya kwanza akanyamaza, kwa kuwa aliwahi kupata mbili.

Bi Mize alizidisha ada hiyo kwa ya kwake. Kabla ya kuuza rundo, alijifunga leso machoni, akachota nazi kumi, hii ya juu, hii ya chini, hii ya ubavuni, akazivunja mbele ya watu. Zikitoka mbovu mbili au zaidi, rundo zima lilikwenda kwa wakamua mafuta.

"Na leso ya nini, Bi Mize?" waliuliza wageni.

"Jicho lina tamaa," alijibu. "Likiona nazi nzuri, mkono huifuata. Nitajidanganya mwenyewe kabla sijawadanganya ninyi."

Basi mji huo ulitawaliwa na Sultani Burhani, mtu mwema kwa mengi, lakini mwenye maradhi ya kupenda hakika. Ukimwambia mvua huenda ikanyesha, anakufukuza barazani. Ukimwambia mgonjwa anaelekea kupona, anakuuliza, "Atapona saa ngapi?" Na Waziri wake, Bwana Shaame, alikuwa mtu wa kuitikia, akiitikia hata kabla ya kuambiwa.

Ikawa Sultani anamwoza binti yake siku ya Ijumaa, akaagiza nazi mia tatu. Bi Mize akapeleka mia tatu na kumi na mbili, kwa ada ya nyongeza. Jumatano asubuhi mpishi akachukua nazi ya kwanza aivunje, na kwa bahati mbaya Sultani alikuwa amesimama hapo hapo jikoni, maana hakuamini kitu mpaka akione. Nazi ikapasuka, na harufu iliyotoka ikawakimbiza hata paka.

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza," alisema Sultani akiziba pua.

"Na nazi mbovu harabu ya nzima, Maulana," alidakia Waziri Shaame.

Basi Bi Mize akatiwa kifungoni kwa nazi moja. Faki alipopata habari alikuwa chini ya mnazi mrefu, akiusalimia. Akauacha, akakimbia mpaka barazani bila kilemba wala viatu, akaanguka mbele ya Sultani.

"Maulana, mke wangu hana kosa. Mbovu ile imo ndani ya nyongeza."

"Sitaki nyongeza, nataka hakika," alijibu Sultani. "Sikiliza, ewe Faki. Kabla ya Ijumaa unihakikishie kila nazi iliyobaki ghalani, moja moja, kuwa ni nzima. Na usivunje hata moja, maana ni za arusi. Ukishindwa, mkeo atatoka katika mji huu na hatarudi maisha."

Faki akaiona ardhi iko mbali, kama siku ile alipokuwa katikati ya mnazi na kutazama chini. Maisha bila Bi Mize hakuyajua na hakutaka kuyajua. Lakini uongo pia hakuuweza.

"Maulana, naweza kukwambia kwamba katika zilizobaki zitatoka mbovu nane, au tisa, hata kumi na moja. Ni zipi, anajua Muumba."

"Nane, tisa, kumi na moja!" Waziri Shaame alicheka. "Je, tunahesabu mikono ya pweza?"

"Mambo ya huenda huenda hayasemwi mbele yangu," alisema Sultani.

Wakati huo chakula cha mchana kikaletwa. Ilikuwa sinia ya wali wa samli, kuku wa kupaka na mabakuli ya mchuzi, na nyuma yake akaja mwonjaji wa Sultani, mzee aliyewekwa kuonja kila chakula kwa kuogopa sumu. Mwonjaji akachota kijiko kimoja ukingoni mwa sinia, akatafuna, akangoja kidogo, akasema, "Salama, Maulana." Sultani akanyoosha mkono.

"Usile, Maulana!" alipiga kelele Faki.

Mkono wa Sultani ukasimama hewani. Walinzi wakamkamata Faki mabega.

"Naomba radhi," alisema Faki. "Nataka kumwuliza mzee huyu jambo moja tu. Mzee wangu, kijiko ulichokula ni salama?"

"Salama, mwanangu."

"Na hivi vijiko mia vilivyobaki katika sinia, ambavyo hukuvila?"

Mwonjaji akatazama sinia, akamtazama Sultani. "Hivyo... huenda navyo ni salama."

Neno lile lilikuwa limelala ndani ya chakula cha Sultani miaka ishirini na hapana aliyeliona. Sultani akarudisha mkono wake polepole, akausugua kwenye kanzu.

"Miaka ishirini nimekula huenda!" alisema. "Basi leo naweka sheria. Kisiingie tumboni mwangu chakula ambacho hakikuhakikishwa chote, mpaka punje ya mwisho. Mwonjaji, anza."

Mwonjaji, aliyekuwa na tumbo dogo na umri mkubwa, akashika kiuno akasema ghafla ameumwa. Basi Sultani akamgeukia Faki. "Wewe uliyeiona dosari ndiwe utakayeiondoa. Mpaka Ijumaa, wewe ndiwe mwonjaji wangu."

"Labeka, Maulana," alisema Faki. Akanawa mikono, akakunja miguu, akasema bismillahi, akaanza.

Akala wali wa ukingoni, akala wa katikati, akala ule wa chini ulioshika samli. Akawahakikisha kuku, paja kwa paja, akafyonza mifupa, maana na mifupa imo katika chakula. Akageuza mabakuli mdomoni mpaka tone la mwisho. Kisha akafuta sinia kwa kidole, akakilamba kidole, akainamisha kichwa.

"Nimehakikisha, Maulana. Chakula chote, mpaka punje ya mwisho, kilikuwa salama."

"Alhamdulillahi," alisema Sultani, akainama aanze kula. "Na changu kiko wapi?"

"Maulana, sinia ni tupu. Lakini ni tupu kwa hakika."

Waziri Shaame akataka kucheka, akaona uso wa bwana wake, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Sultani naye alikuwa mtu wa neno lake; sheria aliyoiweka kwa kinywa chake mbele ya baraza hakuweza kuimeza kabla ya kumeza chakula. Akasema atangoja cha jioni.

Jioni ikaletwa biriani, na Faki akaihakikisha. Asubuhi ya Alhamisi ikaletwa mikate ya kumimina na mbaazi za nazi, nazo akazihakikisha, ingawa sasa alikuwa amelegeza shuka na anahema. Msidhani alistarehe. Kila tonge lililoshuka lilimkumbusha muhogo mkavu anaokula Bi Mize kifungoni, na mara mbili machozi yalimtoka juu ya sinia. Walinzi wakasema ni pilipili. Mtu aliyezoea njaa akishiba bila ya mwenziwe, shibe ile humwuma kuliko njaa yenyewe.

Karibu na adhuhuri Waziri Shaame alimwonea huruma bwana wake, akamchomolea ndizi moja kutoka katika mkono wa kanzu. Sultani akaipokea haraka.

"Bwana Waziri," aliita Faki kutoka pembeni, "ndizi hiyo imehakikishwa?"

Faki akajikokota, akaichukua ndizi kwa adabu, akaimenya, akaila yote.

"Ilikuwa nzuri sana," alisema kwa masikitiko.

Ikaja sinia ya mchana. Harufu ya pilau ikajaa barazani, na tumbo la Sultani likanguruma hata walinzi wa mlangoni wakageuka. Faki akanawa mikono.

"Ngoja!" alisema Sultani. "Ngoja, bwana wee. Onja kijiko kimoja tu."

"Kijiko kimoja kitanipa habari ya sinia, Maulana, lakini hakitanipa hakika. Nikionja kimoja, nitasema hiki ni salama, na hivyo vingine..."

"Sema!"

"Siwezi, Maulana. Neno hilo limekatazwa hapa."

"Nimelifungua! Sema huenda! Huenda inanitosha!"

"Basi na nazi za mke wangu, Maulana, huenda haiwezi kuzitosha? Sinia yako ukitaka kuijua yote, ni lazima iishe. Nazi nazo ukitaka kuzijua zote, ni lazima zivunjwe zote, zichache kabla ya Ijumaa, na arusi itakula mafuu matupu. Mpishi hamalizi chungu ili ajue chumvi."

Sultani akaweka mkono juu ya tumbo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na barazani wakaogopa kuwa analia, kumbe anacheka. Akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Mleteni Bi Mize," alisema, "na ninyi wengine nileteeni kijiko."

Alipofika Bi Mize, Sultani alikuwa katika tonge la kumi. Faki akataka kumkimbilia mkewe, shibe ikamzuia, akabaki kumpungia mkono tu akilia. Bi Mize akamtazama tumbo. "Na mimi nilidhani unateseka," alisema, naye akafuta machozi kwa ncha ya leso.

"Bi Mize," alisema Sultani, "nionyeshe unavyoonja nazi."

Wakaenda ghalani. Bi Mize akajifunga leso machoni, akachota kumi, za juu, za chini na za ubavuni, na mpishi akazivunja. Zote kumi zikatoka nyeupe, zina harufu njema.

"Kumbe zote ni nzima!" alisema Sultani kwa furaha.

"Zote ni nzima, Maulana," alidakia Waziri Shaame.

Bi Mize akafungua leso. "La, mabwana zangu. Jana mliona moja mbovu, mkasema zote mbovu. Leo mmeona kumi nzima, mnasema zote nzima. Kumi hizi zimesema rundo ni jema, hazikusema halina mbovu. Nyongeza yangu ni ile ile, nne kwa kila mia. Nimevunja nazi tangu nina miaka saba, nami najua rundo jema linavyokuwa, lakini siijui hata nazi moja."

Sultani akakubali kwa kichwa, akamwachia huru, na akaamuru mpishi ahesabu kila nazi mbovu mpaka arusi iishe.

Ijumaa arusi ikafana. Watu wakala wakasaza, na jioni mpishi akaja na hesabu yake mbele ya wageni wote. "Maulana, nimepata nazi nzima mia tatu kamili kama ulivyoagiza. Mbovu zimetoka kumi na moja pamoja na ile ya kwanza. Na imebaki moja, haijavunjwa."

Watu wakashangilia. Bi Mize akaichukua ile iliyobaki, akampa Sultani kwa mikono miwili. "Hii ni zawadi yetu, Maulana."

Sultani akaitikisa sikioni, akaigonga kwa kucha, akawatazama mke na mume. "Faki, hii ni nzima?"

"Huenda, Maulana."

Sultani akaomba panga, akaivunja mwenyewe kwa mpigo mmoja. Ikawa mbovu kuliko ile ya kwanza. Maji machafu yakamrukia kanzu ya arusi, wageni wakarudi nyuma, na Faki akamshika mkewe mkono kwa nguvu, maana kwa nazi kama hii alipelekwa kifungoni siku mbili zilizopita. Waziri Shaame akafungua kinywa aseme methali, akamtazama bwana wake, akakifunga.

Sultani alitazama kanzu yake, akahesabu kwa vidole. "Kumi na moja," alisema, "na hii, kumi na mbili. Bi Mize, nyongeza yako imekwisha sawasawa." Akacheka mpaka akakaa chini. Siku ile akamfanya Bi Mize mkuu wa soko, kila rundo lipite mbele ya leso yake. Faki naye alipewa kazi ya mwonjaji daima, kwa sharti moja lililoandikwa na kupigwa mhuri, ya kwamba ni kijiko kimoja tu.

Hekaya yangu ni hiyo. Mkiiona nzima, ikuneni mle na wenzenu. Na mkiiona mbovu, msigombe, ihesabuni katika nyongeza.