Kopo la Bi Mafunda

Hapo zamani, na msinicheke, zamani hiyo friza zilikuwapo, Pangani palikuwa na mama akiitwa Bi Mafunda. Chatne yake ya nazi, jamani! Bhajia moja ukichovya, ya pili unaiomba mwenyewe.

Mwezi wa Rajabu maradhi yakamlaza. Siku aliyopata nguvu kidogo akakuna nazi kwa mkono wake, akasaga na kotmiri na pilipili, akakamulia ndimu, akajaza kopo kubwa la aiskrimu. Akamwita bintiye.

"Zuwena, baba yako hafuturu bila chatne yangu. Igawe kwenye vikopo vidogo, utie kwenye friza. Kila siku toa kimoja. Ikishayeyuka, mwanangu, usiigandishe tena."

Siku ya tatu akafa.

Zuwena akalishika lile kopo. Juu ya chatne akaona alama ya mgongo wa kijiko, pale mama alipolainisha. Moyo ukamkatalia kuichota. Akalitia kwenye friza zima zima.

Mzee Hatibu, mume wa marehemu, tangu mazishi alikuwa wa uji tu, vijiko viwili vitatu basi. Mbavu zikahesabika. Ukimbembeleza, jibu ni lile lile: "Nitakula Ramadhani ikiingia, kwa chatne ya mama yenu. Nimuage vizuri." Basi Zuwena akawa anahesabu siku, maana alijua baba asipokula siku hiyo, hali tena.

Mwezi ukaandama. Asubuhi ya siku ya kwanza ya mfungo Zuwena akalitoa kopo, gumu kama jiwe, akaliacha liyeyuke. Magharibi ikaingia, bhajia zimekaangwa, mkeka umetandikwa, mzee kaketi. Akafungua. Alama ya kijiko haipo. Chatne imechacha, inavuta utelezi, na harufu yake, astaghafirullah!

"Nani kaligusa?" Zuwena akapiga ukelele.

Mdogo wake, Mbwana, akainamisha kichwa. "Mimi, dada. Ile wiki ya joto baba alikuwa anahema, na soketi ni moja. Nikachomoa friza, nikachomeka feni, nikasahau mpaka kesho yake. Nikakuta imeyeyuka. Nikasema ikiganda tena itapona."

"Ungesema! Tungeila siku ile ile!"

"Ningesemaje, na wewe hata kulitazama hutaki mtu alitazame? Na mama si alikwambia ugawe? Uligawa?"



"Acheni, wanangu," mzee akasema. "Mimi kila Ijumaa mkiondoka nililitoa. Nililipakata mpaka likalainika, nikachovya kidole, nikamsalimia mama yenu, nikalirudisha. Vingekuwa vikopo vidogo, ningemaliza kimoja na vingine vingebaki. Lakini lilikuwa moja, na mimi nilikuwa na hamu naye."

Wakalia wote watatu, na futari inapoa.

Kisha mzee akachukua bhajia. "Lete hivyo hivyo."

"Baba, imeoza! Itakuua!"

"Lete, Zuwena. Nilisema nitakula, nakula."

Akachovya. Bhajia ilikuwa karibu na mdomo Zuwena alipomdaka mkono. Akalinyakua kopo, akatoka nalo mbio, akalimwaga uani mpaka tone la mwisho.

Aliporudi, bhajia ilikuwa kwenye sahani na mzee kageukia ukuta. Hakugombeza. Uji wa daku akaukataa, na wa kesho yake akaukataa. Siku ya nane ya mfungo walimzika kando ya mkewe, na tangu hapo Zuwena na Mbwana hawatazamani usoni.

Haya, nyie mnaonisikiliza na matumbo yenu yameshiba, semeni. Kuna aliyeambiwa agawe, hakugawa. Kuna aliyempa baba upepo, akanyamaza. Kuna aliyeshindwa kungoja Ramadhani. Na kuna mkono uliodaka mkono. Msiusahau huo, japo ni wa Zuwena yule yule. Je, nani aliyemnyima Mzee Hatibu buriani yake?