Dawa Isiyonuka

Zamani, katika bonde lililo chini ya mtaa wa Ngagara, kulikucha kwa sauti ya Mama Consolée akiimba nyimbo za kanisani alizotoka nazo Bukavu. Aliimba huku akigeuza majani ya kabichi na kuokota viwavi mmoja mmoja, akiwatia koponi. Laiti siku zile zingerudi! Mama alikwisha kuaga dunia, na majirani walikwisha kuwakodisha wafyatua matofali mashamba yao. Ilibaki bustani ya mama pekee, iliyolimwa na bintiye, Nsimire.

Msimu mmoja viwavi walivamia kabichi, au shu kama wenyeji walivyoziita, kwa wingi, wakawa hawaokoteki. Musafiri, kaka yake Nsimire, aliyekuwa na duka dogo mtaani Jabe na subira ndogo kuliko duka lenyewe, alikata shauri.

"Hizi shu zikiharibika, mi napatia watu ya matofali hii kiwanja. Nimechoka!"

Nsimire hakulala kwa uchungu. Akanunua unga wenye bakteria wanaowaua viwavi bila kumdhuru mlaji. Muuzaji alimweleza apulizie jioni, kwa kuwa jua kali huwaharibu bakteria hao. Kiwavi akila jani huugua tumbo, huacha kula, kisha hufa taratibu. Jioni hiyo Nsimire akauchanganya unga na maji, akaipulizia bustani nzima.

Kesho yake mchana Musafiri akaja kukagua. Akafunua jani, akaona viwavi wangali hai, wakitikisa vichwa. Wakulima wa bonde lile walizoea kuipima dawa kwa pua. Inayonuka hadi barabarani ndiyo yenye nguvu. Akanusa, akacheka kwa dharau.

"Dawa gani haina ata harufu? Dada, walikuuzia maji! Naenda kuleta ile kali, saa hii."

"Apana, kaka. Usiangalie kama wanatembea. Mama alikuwa anatufundisha nini? Angalia mavi yao."

Musafiri akakumbuka. Mama alizoea kuwaambia kwamba kiwavi anayekula huacha kinyesi kibichi juu ya jani. Akainama, akageuza jani baada ya jani kama alivyofanya utotoni. Kinyesi chote kilikuwa kikavu, wala hakuona tundu jipya.

"Haya, ngojea," alisema kwa shingo upande. "Lakini Jumapili nikikuta wanakula, ni matofali!"

Jumapili alitoka kanisani moja kwa moja hadi bustanini, angali na suti yake. Viwavi walikuwa wananing'inia majanini, weusi, wamelegea. Majani machanga ya katikati yalikuwa mazima, yameanza kujifunga. Musafiri akaketi mchangani na suti yake, akalia.

"Mama angeona hizi shu…"

"Angeimba," alijibu Nsimire, naye akilia.

"Basi hii kiwanja haitoke kwa mikono yetu. Wa matofali watafute kwingine."

Bakteria wale wasioonekana kwa macho hawakunuka wala hawakufanya kishindo, lakini kazi waliimaliza. Ama kweli, simba mwenda pole ndiye mla nyama.