Shafti Iliyong'arishwa Mapema

Wapendwa, sikilizeni habari ya mama mmoja aliyekabidhiwa na kijiji chake pampu ya maji. Pampu kuukuu, ya zile ambazo vipuri vyake havitengenezwi tena. Siku moja ikagoma. Shafti yake, ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani, ilikuwa imelika. Kijiji kizima kikarudi kuchota mtoni, mwendo wa saa mbili, na mama wa watu akaona haya hata kupita njiani.

Akaambiwa kuna fundi mjini anayenenepesha vyuma vilivyolika. Fundi huyo hupitisha umeme kwenye gesi mpaka igeuke moto mkali kuliko wa mhunzi yeyote. Wenyewe wanauita plasma. Humo anamwaga unga wa chuma, unayeyuka, unarushwa kwenye shafti na kuganda papo hapo.

Sasa, mama zetu mnawajua. Yupo anayepeleka mtoto hospitali bila kumwogesha? Huyu naye akaitazama shafti, kutu hapa, mikwaruzo pale, akasema moyoni, "Watasema sikuitunza." Siku mbili nzima akaisugua kwa msasa na kuipaka mafuta, ikang'aa mpaka ungeweza kuchana nywele mbele yake.

Fundi alipoipokea hakusifu. Aliifuta mafuta, akaiingiza kwenye sanduku lenye kioo, akaipiga kwa upepo wa mchanga mkali. Mama kuchungulia, mng'ao wote umekwisha, chuma kimechubuka kama goti la mtoto!

"Baba, unaniua! Shafti ni hiyo hiyo moja! Kijijini nitawaambia nini?"

"Tulia, mama. Nani aliing'arisha?"

"Mimi. Nilitaka uikute safi."

"Umeing'arisha mpaka imekuwa utelezi. Nikiipulizia hivyo, chuma kipya hakina pa kushika. Kitabanduka wiki hii hii kama ganda la kitunguu, na mtarudi mtoni. Chuma kipya hushika penye michubuko."

Mama akakaa kwenye benchi, huku moto ule ukinguruma nyuma ya kioo cheusi. Ungekuwa wewe, ungemwamini? Au ungemnyang'anya shafti yako urudi nayo nyumbani, inang'aa na imelika vile vile?

Shafti ikatoka imenenepa. Fundi akaifunga kwenye mashine, akaisugua hadi kipimo chake, ikameremeta kuliko mwanzo.

"Kung'arisha ni kazi ya mwisho, mama," alisema, "na ni kazi yangu."

Keshokutwa yake, shafti imesharudishwa ndani ya pampu kijijini, bomba likakohoa, likatema matope, kisha maji. Vigelegele! Mama akaketi pale pale kwenye tope, akicheka na kulia, mzigo umemtoka kifuani.

Ndugu zangu, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Na sisi je? Tunaingia humu kanisani tumejisugua, "Bwana asifiwe, hatujambo kabisa," na ndani tumelika. Halafu tunashangaa: Jumapili tumepakwa neema, mbona Jumatano imeshabanduka? Na Mungu akitugusa kwa ule mchanga wake tunapiga kelele, "Ananiua!" Hakuui, ndugu yangu. Anatafuta pa kushika.

Basi pumueni. Leo mwendeeni na kutu yenu. Ameshaiona tangu zamani. Kung'arisha ni kazi ya mwisho, na haijawahi kuwa yetu.