Nyati na Pipa la Kufulia

Paukwa!

— Pakawa!

Mnaitikia kama mlioshiba uji wa jana. Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na ndoo!

— Ikatoboka!

Palikuwa na njia!

— Ikakauka!

Haya, hapo sawa. Mwenye kutaka kwenda nje aende sasa, maana ngano hii haina kituo, na mimi sirudii.

Zamani wanyama walivaa nguo. Usiniulize nani alishona. Mwaka huo kiangazi kilibana hadi mawe yakapasuka, pa! pa! Nyasi zikaisha. Visima vikafa kimoja kimoja, kikabaki cha gulioni, pale nyika inapoanza. Ng'ambo ya nyika kulikuwa na mto. Kufika huko ni siku saba, siku saba za vumbi, hakuna tone.

Wakapanga msafara. Mkuu wa msafara alikuwa Nyati. Kwa nini Nyati? Kwa sababu alisema ni yeye, na pembe zake zikaunga mkono.

Nyuma kabisa, kwenye vumbi la wote, alikuwa Bi Sange. Sange mnamjua? Kanyama kama panya, miguu haitulii, pua ndefu utadhani aliiazima kwa tembo akasahau kuirudisha. Alikuwa na watoto watatu.

Sasa sikilizeni desturi ya msafara: mkubwa huonja kwanza. Maji yakiwa mabaya yamdhuru yeye, wadogo wapone. Desturi nzuri, nani aipinge? Lakini Nyati alivyoonja! Anaingiza mdomo ndooni, gubu, gubu, gubu! Ndoo kavu. Anajifuta mdomo.

"Maji mazuri," anasema. "Haya, wa pili aje."

Wa pili anakuja kulamba bati.

Kiangazi kilichotangulia Sange alikuwa na watoto wanne. Sitaki mtu aanze kulia hapa. Nasema tu walikuwa wanne.

Basi Sange akawa halali usiku. Anakwenda, anarudi, tipu tipu tipu. Anafikiri, anajikuna, anakwenda tena. Asubuhi akamfuata Nyati.

Nyati alikuwa na blanketi jekundu, blanketi la ukuu, alilogaagaa nalo kwenye tope miaka saba. Lilipokuwa linakuja, harufu yake ilifika mbele ikabisha hodi.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba, we pua. Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nawaza tu kule mtoni kuna wenyeji. Utawaendea na blanketi hilo?"

"Lina nini?"

"Halina kitu, Bwana. Ni nzi tu wamelizoea."

Nyati akajinusa. Akajinusa tena, upande wa pili.

"Na njiani atalifua nani?"

"Siku hizi kuna mashine za safari, Bwana. Nungunungu anauza pale gulioni. Twende tukachague."

Wakaenda. Nungunungu alikuwa ameketi mlangoni pa duka, miiba imesimama kama kawaida ya wenye maduka.

"Karibuni! Kutazama ni bure, kushika ni bure, kuvunja ni kununua!"

Akatoa mashine ya kwanza. Nyeupe, kubwa, inang'aa kama jino la bandia. Nyati macho yakamtoka.

"Hiyo hiyo!"

"Inataka umeme, Bwana," akasema Sange. "Kule nyikani utaichomeka wapi? Kwenye kichuguu?"

Nungunungu akatoa ya pili. Ndogo, ya mpira, inakunjwa kama kofia. Nyati akaingiza ncha ya blanketi, ikajaa.

"Hii ni ya kufulia soksi," akasema Nungunungu. "Sikudanganyi. Nataka kukudanganya lakini unaona mwenyewe."

Akatoa ya tatu. Hilo lilikuwa pipa la bati, limelazwa juu ya magurudumu mawili, na mbele lina nira. Ukilivuta gurudumu linazunguka, na pipa nalo linazunguka, gudu-gudu-gudu, nguo zinajifua humo humo njiani. Mfuniko wake una mpira, hauvuji hata tone. Ubavuni lina kizibo.

Sange moyo ukamruka. Lakini mchoyo humchagulii kitu. Mchoyo unamkataza.

"Bwana Mkubwa, wewe chukua hiyo nyeupe. Hili pipa utuachie sisi wadogo. Maana linaingia maji mengi mno, na wewe una blanketi moja tu."

"Linaingia mengi?"

"Mengi, Bwana. Usilitazame."

"Mengi halafu mchukue nyinyi? Nungunungu! Pipa ni langu!"

Likatoka kwa gunia la chumvi. Wakalikokota hadi kisimani, na Nyati akapaza sauti:

"Jazeni! Blanketi langu kwanza, koo zenu baadaye!"

Wanyama wakateka maji huku wanalia. Digidigi akamshika Sange mkono.

"Umetuua, Bi Sange! Kisima chote kinakwenda kufua tope la mtu mmoja!"

"Nyamaza, mwanangu. Tukifika kituoni njoo na nguo chafu. Na kikombe ukifiche ndani yake."

Pipa likajaa. Nyati akaingiza shingo kwenye nira. Na mwenye nira shingoni, wanangu, haoni nyuma. Sange akapaka povu la sabuni nje, kwenye mdomo wa pipa, likatoka jeupe kama wali. Ndani hakutia hata chembe. Blanketi akalikunja, akalitandika juu ya miti ya nira, na juu ya blanketi akaketisha watoto wake watatu.

"Tayari, Bwana! Lakini ukisimama sana, uchafu unarudi!"

Wakaondoka.

*Vuta, Bwana, vuta!*
*Gudu-gudu-gudu!*
*Blanketi linatakata!*
*Gudu-gudu-gudu!*

Siku ya kwanza Nyati alionja madumu matatu ya maji ya kunywa waliyobeba wanyama. Gubu, gubu, gubu! Yakaisha yote. Wala hakutahayari.

Siku ya pili wakasimama kwenye kivuli cha mti wa miiba. Digidigi akaja na shati lake. "Naomba kufua." Kobe akaja na kofia. "Naomba kufua." Kila mmoja akaingia nyuma ya pipa, kizibo, chururu, kikombe, kizibo.

"Mbona midomo yenu imelowa?" akauliza Nyati.

"Tunakamua kwa meno, Bwana," akasema Kobe.

"Na mbona mnafua kila tukisimama?"

"Usafi, Bwana. Tumeiga kwako."

*Vuta, Bwana, vuta!*
*Gudu-gudu-gudu!*

Siku ya tatu jua lilikuwa kama limeshuka kuja kutazama. Nyati ulimi nje. Akasimama katikati ya njia, kwatu! Msafara wote ukagongana.

"Nifungulieni pipa. Nakunywa hivyo hivyo, na sabuni yake."

Digidigi akafumba macho. Kobe akaingia ndani ya nyumba yake. Maana Nyati akiweka mdomo pale, ni gubu tatu, halafu kila mtu achague mwiba wa kufia.

Sange akawatazama wanawe watatu pale juu ya blanketi. Akasema:

"Yako, Bwana! Nani akuzuie? Ngoja nikuletee uonje, maana mkubwa huonja kwanza."

Akaenda nyuma. Akachukua kibakuli, maji kidogo, akachovya pembe moja ya blanketi, ile iliyokuwa chini ya tope la mwaka wa kwanza. Akakamua. Yakatoka meusi, mazito, na kiroboto mmoja anaogelea. Juu akatia povu.

Nyati akavuta mdomo mmoja.

"Ptuuu! Ptu! Ptu! Nini hiki?"

"Ni wewe, Bwana. Ndiyo unatoka."

Tangu hapo hakulitaja pipa tena. Lakini Sange hakuwa mjinga. Anayevuta akifa, nani atavuta? Kwa hiyo kila kituo akampelekea Nyati bakuli moja la maji safi. Bakuli moja, si mawili.

"Umetoa wapi?"

"Umande, Bwana. Nimeukusanya kwenye majani."

Nyika ile haikuwa na jani tangu mwezi uliopita. Nyati akanywa, akashukuru. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikunywa kwa kipimo.

*Vuta, Bwana, vuta!*
*Gudu-gudu-gudu!*

Siku ya nne, gudu. Siku ya tano, gudu. Siku ya sita Kobe alifua kofia mara kumi na moja. Siku ya saba wakanusa mto, na aliyekuwa na miguu akakimbia.

Chubwi! Chubwi! Wakajitupa majini. Sange akawahesabu watoto. Mmoja, wawili, watatu. Akawahesabu tena.

Nyati akatoa shingo kwenye nira, akageuka. Akakichomoa kizibo kwa pembe. Yaliyobaki yakamwagika mchangani, meupe, yanametameta.

Nyati akasimama.

"We pua. Njoo hapa. Maji haya yamefua blanketi langu siku saba. Mbona ni safi?"

Sange miguu ilitaka kukimbia. Akaukanyaga mmoja kwa mwingine.

"Ndiyo ubora wa mashine, Bwana. Mashine mbovu huchafua maji. Hii ulichagua mwenyewe."

Nyati akaitikia kwa kichwa. Kweli, alichagua mwenyewe.

"Na blanketi?"

Sange akalileta. Jekundu halikuonekana tena. Juu ya tope la zamani kulikuwa na makombo, vumbi la siku saba, na mambo mengine ambayo watoto watatu huyaacha wakikosa kushushwa.

"Limezidi uchafu!"

"Afadhali, Bwana! Uchafu ulikuwa ndani, sasa umetoka juu. Siku saba zingine utaisha wote. Au unataka kuuacha urudi?"

Nyati akalitazama blanketi. Akautazama mto. Akawaza: urudi? Akainama, akanywa haraka haraka, akaingiza shingo kwenye nira. Sange akalirudisha blanketi pale pale juu ya miti.

"Nipisheni! Msinisimamishe!"

Gudu-gudu-gudu, akaishilia nyikani na pipa tupu. Hajafika bado. Mkisikia ngurumo wakati wa kiangazi na mvua haiji, ni yeye huyo, bado anafua.

Ngano yangu nimeianika kambani. Aliyeipenda aianue, asiyeipenda aiache inyeshewe.

Mnataka funzo? Funzo ni kwamba uongo ni mbaya, wakubwa wanywe kwanza, na anayetaka mashine ya safari achague ile isiyofua kabisa.

Na wewe uliyekalia blanketi langu tangu paukwa, shuka.