Wageni Walioketishwa Juani

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa huko nyuma mmelala, au mnaona haya? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale paliondokea Pimbi mmoja, mjane, mwenye watoto watano. Aliishi juu ya jabali. Jabali tupu! Ukikwangua toka asubuhi mpaka jioni hupati udongo wa kujaza kifuu. Udongo ulikuwa chini. Majani yalikuwa chini. Na Tai alikuwa anangoja huko huko chini. Baba watoto alishuka siku moja kutafuta majani. Hakupanda tena.

Mama Pimbi akasema, "Watoto wangu hawashuki. Mboga zitaota huku huku juu."

Akaokota vyungu vibovu. Akavijaza kokoto. Akatia maji. Akapanda mchicha. Pimbi majirani wakamcheka, kwa kwa kwa! "Mchicha bila udongo! Utavuna kokoto, mwenzetu!"

Mchicha ukaota. Nawaambia ukaota! Kisha ukaanza kuwa wa njano. Leo jani la chini. Kesho la juu yake. Mama akaongeza maji, njano. Akaongeza tena, njano ile ile. Kibibi, mziwanda wake, akauliza, "Mama, huu ukifa tutashuka?"

Mama akachungulia kule chini alikoshukia baba watoto, akamvuta Kibibi karibu. 

Ikanyesha mvua, chwaaa! Mchana kutwa, chwaaa! Huko chini kukajaa maji. Wakapanda jabalini nyungunyungu watatu, suu, suu, suu, wamechoka hoi.

"Hodi, mama," akasema mkubwa wao. "Kwetu kumefurika. Tusitiri. Jua likitoka tutakauka."

"Karibuni, baba zangu. Ila huku kwangu hakuna udongo."

"Tupe giza, tupe unyevu, tupe makombo yenu. Yanatutosha."

Mama Pimbi akaleta kapu. Akatia majani yaliyooza na makombo ya watoto. Akawaweka wageni ndani, akafunika kwa kifuniko cha nyasi, akalitundika kapu pangoni. Chini yake akatega chungu. Kila siku akanyunyiza maji kidogo. Wageni wakala, suu, suu. Wakazaa. Kapu likajaa wageni! Na chini ya kapu, ti! ti! ti! Yakadondoka maji meusi kama chai ya rangi iliyokolea.

Nyungunyungu mkubwa akatoa kichwa. "Mama, mchicha wako una maji, chakula hauna. Hayo yaliyodondoka yamepita kwenye mbolea yetu. Chukua kikombe kimoja, changanya na vikombe kumi vya maji safi, kisha mwagia kokoto. Usimwagie yakiwa mazito, utauunguza."

Akafanya hivyo. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya tatu, kimya. Siku ya saba, Kibibi akapiga kelele, "Mama, kijani! Mama, kijani!"

Majani mapana, laini, yanang'aa! Watoto wakala wakashiba. Na wale waliocheka kwa kwa kwa? Walikuja na vyungu vyao wameinamisha vichwa. Mama akawagawia wote yale maji meusi. Moyo wake ulikuwa umejaa shukrani, hakuwa na nafasi ya kuweka kinyongo.

"Sasa tuwashukuru wageni," akasema.

Ngojeni niwaambie desturi ya pimbi. Pimbi hupenda jua kuliko chochote. Kila asubuhi hutoka wakalala juu ya jiwe, wakaota jua mpaka damu ichemke. Na wakimpenda mgeni, humkalisha pale penye jua kali kuliko pote. Hakuna heshima kubwa zaidi ya hiyo.

Mmeshaona tunakoelekea, eh?

Wakalifagia jiwe. Wakalileta kapu. Wakawatandaza wageni juani, mmoja mmoja, kwa adabu. Nyungunyungu mkubwa akasema, "Jamani, jamani..." Nani amsikie? Pimbi wanaimba na kupiga makofi. Wageni wakaanza kujipinda. Huku pindu! Kule pindu!

"Wanacheza!" majirani wakashangilia. "Wamefurahi!"

Kibibi akainama karibu. "Mama, hawachezi. Wanakauka!"

Papo hapo kivuli kikapita juu ya jiwe. Tai! Pimbi wote, puruu! Wakaingia mapangoni. Juani wakabaki wageni peke yao.

Mama Pimbi alitazama juu. Akatazama watoto wake watano. Akatazama wale waliowalisha watoto hao. Akatoka mbio! Akawakumba kwa majani mabichi ya mchicha, wote, akawasukuma ndani ya kapu. Tai huyoo, vuuu! Kucha zikafuata mkia.

Mkia gani? Pimbi ana mkia? Tai akakamata hewa, na Mama akaangukia pangoni na kapu lake.

Akawanyunyizia maji huku akilia. "Nisameheni. Niliwapa kilicho bora kuliko vyote."

Kimya. Kimya. Kisha, suu. Suu, suu. Nyungunyungu mkubwa akajinyoosha. "Mama, ulitupa kilicho bora kwako. Tumeuona moyo wako, nasi tunakushukuru. Ila ukitupenda, tuloweshee kifuniko cha kapu."

Tangu siku hiyo, pimbi wanapoota jua asubuhi, mmoja huacha jua lake akaingia pangoni. Hesabuni wakitoka, mtamkosa mmoja. Amekwenda wapi?

Kulowesha kifuniko!

Kulowesha kifuniko, wanangu. Na Kibibi akazeeka juu ya jabali, hakushuka hata siku moja kwenda kutafuta majani.

Funzo ni hili: ukimshukuru aliyekutendea wema, mpe kinachomfaa yeye, hata kama wewe hukipendi. Hadithi yangu imeishia hapo. Waliosikia wameshiba, na aliyelala atakula kokoto.