Kuta Alizojenga Nakiete

Mtu mmoja katika milima ya Upare alikuwa na shamba la tangawizi lililompa sifa. Aliitwa Sefania. Shamba lenyewe aligawiwa na baba yake, na wakati huo lilikuwa mteremko mkali ambao hakuna aliyeutaka, maana kila masika mvua ilikwangua udongo na kuupeleka bondeni. Mwaka huohuo alimwoa Nakiete.

Baada ya mavuno mawili mabovu, Sefania alishuka mjini kuendesha malori. Alirudi mara mbili kwa mwaka, wakati mwingine mara moja. Fedha alizotuma zilisomesha watoto, hilo tusimnyime. Nakiete alibaki. Aliokota mawe mtoni, akayapandisha kichwani, akajenga ukuta wa kuzuia udongo. Mvua ikaubomoa. Akaujenga tena. Mwaka uliofuata akaongeza wa pili juu yake, kisha wa tatu, hadi mteremko ukawa ngazi, na kila ngazi ikajaa tangawizi.

Miaka ishirini na miwili ikapita, na ndoa ikafa. Sefania alikuwa na mwanamke mwingine mjini, na hakuficha tena. Talaka ikatolewa, ikabaki mali. Sefania akaja mahakamani na hati ya shamba yenye jina lake peke yake. Akasema kwamba mwanamke huyu alikuja na sanduku la nguo, basi aondoke na nguo zake. Nakiete hakuwa na karatasi. Alipoulizwa ushahidi wake, aliomba jambo moja tu: mahakama ipande mlimani.

Hakimu alikuwa mama mtu mzima mwenye magoti mabovu, lakini alipanda. Karani alimfuata, na majirani wakamfuata karani. Walipofika chini ya shamba, hakimu akamuuliza Sefania kuta ni ngapi. Sefania akatazama juu, akaanza kuhesabu kwa kidole, akapotea. Akaulizwa Nakiete. Yeye aliweka kiganja juu ya ukuta wa kwanza akaeleza kwamba aliujenga akiwa na mimba ya Elinaja, mtoto wao wa kwanza. Wa nne aliujenga mwaka mama yake Sefania alipopooza. Alimwogesha alfajiri, akabeba mawe mchana. Kwenye wa saba jiwe lilimponda mguu, na kovu akalionyesha. Akapanda hivyo, ukuta baada ya ukuta, na majirani wakawa wanatikisa vichwa kukubali, hadi wa kumi na saba.

Huko juu Sefania aliketi juu ya majani. Alikuwa akimwangalia Nakiete mikono. Mikono hiyo ndiyo iliyomwogesha mama yake mpaka siku ya kufa, na yeye hakuwahi hata kuuliza nani alifanya kazi ile. Kaka yake aliona uso wake umebadilika, akamvuta shati ili anyamaze. Sefania akaondoa mkono wa kaka yake, akasimama, akavua kofia.

"Mheshimiwa, andika," alisema. "Sikujenga hata mmoja."

Karani akaandika. Wiki mbili baadaye hukumu ikasomwa: shamba ligawanywe nusu kwa nusu, kutoka kileleni hadi bondeni, na Nakiete achague kwanza. Alichagua upande wa mashariki, unaopata jua mapema. Siku ya kupokea hati yake mpya, karani alimsogezea kidau cha wino ili aweke dole gumba. Nakiete akakisukuma pembeni, akaomba kalamu. Aliandika jina lake polepole, lote, na la baba yake, kisha akalisoma kwa sauti mbele ya wanawake wenzake wa kwaya waliokuwa wakimsubiri mlangoni. Vigelegele vilipasuka pale ofisini, vikashuka naye njia nzima hadi sokoni, na waliokuwa wakipima mizigo wakaacha mizani wakasimama kumpigia makofi.

Wako wanaosema Sefania alishindwa siku ile. Mimi nasema naye alishinda, kwa maana wanawe, waliokuwa wamekataa kupokea simu zake, walianza tena kumwita baba.

Ndugu zangu, ni kazi ya nani leo nyumbani mwako unayoiita yako, na unangoja hakimu gani ndipo useme kweli?