Watani wa Bingwa Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na nyumba zenye milango, na kila mlango ulikuwa na jirani wa kuuchungulia. Nyamazeni basi! Wewe unayetafuna muwa, tafuna taratibu, mimi sina sauti ya kushindana na meno yako.

Katika kijiji cha Mikongoni aliishi Siwema, kindi mjane mwenye watoto wanne na debe moja la karanga. Debe hilo ndilo lilikuwa chakula chao mpaka mvua zinyeshe. Si karanga za kuchezea hizo.

Asubuhi moja wakiwa wanakunywa uji, mlango ukalia: ngo! ngo! ngo! Ukuta ukatikisika, vumbi likamwagika ndani ya sufuria.

"Hodi!"

"Karibu, lakini mlango wangu uuache hapo hapo ulipo!"

Alikuwa Nyati. Akaingiza kichwa tu, maana mwili haukuenea. "Bi Siwema, kesho adhuhuri ulete debe lako barazani. Zamu yako ya kumlisha bingwa imefika."

Bingwa mwenyewe alikuwa Mzee Kifaru, bondia wa zamani, ambaye kijiji kizima kilimwita Radi ya Mchana. Sasa radi ilikuwa imezeeka. Magoti yalilia kwa-kwa-kwa akisimama, na macho yalikuwa hayaoni vizuri kitu kilichopita pembe yake.

"Debe zima?" Siwema akashika kiuno. "Na wanangu wale nini?"

"Kila mtu anachangia, bibi wewe."

"Haya, wewe umechangia nini?"

"Sisi wakubwa tunachangia heshima," Nyati akasema bila hata kupepesa macho. "Nyinyi wadogo mnachangia chakula."

Loo! Mnayasikia mambo hayo?

"Lakini mila yetu inasema waliopigana ulingoni ni watani, wao na wajukuu zao," Siwema akamwambia. "Mtani akizeeka, watani wake ndio wanaomlisha. Watani wa Mzee Kifaru wako wapi?"

Nyati akacheka kwa pua, fyuu! "Nani atajitokeza kusema alipigwa? Mwenyekiti kauliza mara ngapi, hajapatikana hata mmoja. Kwa hiyo mtalisha nyinyi. Kesho adhuhuri!"

Akaenda zake. Siwema akawatazama wanawe wakitoa vumbi kwenye uji kwa vidole, machozi yakamlengalenga. Kisha akajifuta kwa kanga, akasema, "Aa-a! Karanga hizi hazitoki."

Kesho yake akajitwika debe, akaenda barazani. Wakubwa walikuwa wamekaa kivulini kwenye mabenchi: Mwenyekiti Tembo, Kiboko na Nyati. Wadogo walikuwa wamesimama juani. Mzee Kifaru alikuwa amewekwa katikati kwenye kiti, anasinzia, tumbo linanguruma. Na kama kawaida yao ya kila siku, wakubwa walikuwa wanapima alikuwa bingwa wa namna gani enzi zake.

"Konde lake la kushoto lilikuwa linafika kabla yeye mwenyewe hajafika!" Tembo alikuwa anasema.

"La kulia ndilo lilikuwa balaa," Kiboko akapinga. "Akikukosa, ule upepo wake tu unakulaza siku tatu!"

Siwema akatua debe chini, puu! "Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba! Lete hilo debe."

"Naleta, naleta. Ila samahanini, nina swali dogo. Jana nilikuwa kisimani, nikawakuta watu wa ng'ambo ya mto. Wanasema eti Mzee Kifaru hakuwa bingwa wa maana. Kwa sababu hapa Mikongoni hakukuwa na bondia. Wanasema siku za ndondi, wakubwa wa hapa walikuwa wanajificha kwenye matete."

"Nini?" Kiboko akaruka. Benchi likavunjika, kaa! "Matete gani? Mimi nilipanda ulingoni na huyu mzee!"

"Toba! Kweli, mzee wangu?"

"Raundi sita! Unauona mdomo wangu huu? Zamani ulikuwa mdogo, mzuri, kama wa swala. Alinichapa konde moja hapa, du! Ukapanuka mpaka leo."

Wadogo wakashangaa, "Eeeh!" Siwema akapiga kigelegele. "Jamani, raundi sita na bingwa akiwa kwenye ubora wake! Kumbe tunakaa na shujaa hatujui!"

Nyati hakuweza kuvumilia. "Sita ni kitu gani? Mimi raundi nane! Pembe zangu zilikuwa zimenyooka kama mikuki. Alizigonga kwa juu, kwa! Zikapinda hivi mnavyoziona."

"Nane! Mungu wangu!" Siwema akapiga makofi. Halafu akamgeukia Tembo kwa huruma. "Mwenyekiti wetu, usijali. Si kila mtu alijaaliwa kupigana na bingwa. Wengine mlikuwa mnauza karanga nje ya ukumbi, na hiyo nayo ni kazi."

Wadogo wakaguna. Tembo masikio yakamsimama.

"Nani kauza karanga?" akanguruma. "Raundi kumi na mbili! Mpaka kengele ya mwisho! Mnafikiri pua hii nilizaliwa nayo? Pua yangu ilikuwa fupi kuliko yako, Siwema! Aliikamata kwenye kona ya ulingo, akavuta, akavuta, mpaka refa akalia!"

"Hamtanii, wazee wangu?"

"Tunaapa!" wakasema wote watatu, mkono juu, mbele ya kijiji kizima.

"Basi hongereni sana," Siwema akasema. Akainama, akajitwika debe lake taratibu. "Watani wa bingwa wamepatikana. Sisi ambao hatujawahi kupigana naye tunawaachia nafasi yenu. Mwenyekiti, wewe una migomba. Kiboko ana viazi. Nyati ana mtama. Mzee wetu hatalala njaa tena."

Kiboko akamtazama Nyati, Nyati akamtazama Tembo. Kukana ni kusema walidanganya, tena kwa kiapo. Tembo akajikohoza, akainama hadi kwenye sikio la bingwa.

"Mzee Kifaru, hebu nitazame vizuri. Umri umekwenda, labda umenifananisha. Una uhakika ulipigana na mimi?"

Mzee Kifaru akafungua jicho moja. Akamkagua Tembo kuanzia miguuni. Akaikumbuka migomba yake, ndizi zilivyoiva.

"Nakukumbuka sana, mtani wangu," akasema. "Raundi ya kumi na mbili ulimwita mama yako."

Hapo baraza likapasuka kwa kicheko. Wadogo wakaviringika chini. Na tangu siku hiyo migomba ikakatwa, viazi vikachimbwa, mtama ukapimwa, na waliobeba mizigo ni wenye migongo ya kubebea.

Baada ya wiki mbili Siwema alipita kwa Mzee Kifaru na konzi ya karanga, kwa hiari yake. Akamkuta amenenepa, anapunga upepo barazani kwake.

"Babu, wale wakubwa hawapo. Niambie kweli. Enzi zako ulipigana mapambano mangapi?"

Mzee akatazama huku na huku. "Moja."

"Moja! Na nani?"

"Na bibi yako."

Siwema karanga zikamponyoka, pra-pra-pra.

"Alinizunguka mbio mbio," Mzee Kifaru akanong'ona, "mimi nageuka namtafuta, nageuka namtafuta, mpaka kizunguzungu kikaniangusha chali. Nikaja Mikongoni na glavu shingoni, nimenuna. Hao wakubwa wakaniona, wakaanza kunisifu. Kila siku wananiongezea ushindi. Sasa mjukuu wangu, mtu anasifiwa hivyo, akatae?"

Siwema akakaa chini, akacheka mpaka mbavu zikauma. Kumbe katika kijiji kizima mtani wa kweli alikuwa ni yeye peke yake!

"Utawaambia?" bingwa akauliza kwa woga.

"Kula, mtani wangu," Siwema akasema, huku anamwokotea karanga moja moja. "Kula unyamaze."

Nami nimeishia hapo, wanangu, lakini shikeni hili: mtu akipima sana ukubwa wa bingwa wa zamani, tazameni vizuri, huenda anajipima yeye mwenyewe.